Kaizari mwenye ndevu, jina la kike: nani ataieleza dhahabu hii ya Gallienus?

#1 Mzee wa Darubini
Wakuu, habari zenu. Nimekuja na sarafu moja ya Roma ambayo kila nikiisoma naona imenizidi.

Ni aureus, yaani sarafu ya dhahabu, ya Kaizari Gallienus aliyetawala kuanzia 253 hadi 268 BK. Upande wa kichwa kuna uso wa mwanamume, shingo nene, ndevu za vipindo vidogovidogo zinashuka mpaka kooni. Makaizari wengi huvaa shada la ushindi au miali ya jua. Huyu kavikwa masuke ya ngano. Kuzunguka uso pameandikwa GALLIENAE AVGVSTAE, na hilo ni umbo la kike, kama vile anatajwa mwanamke aitwaye Galliena.

Ukigeuza unamkuta Ushindi, yule mungu mke mwenye mabawa, anaendesha gari la farasi wawili. Maandishi yake: VBIQVE PAX, amani kila mahali.

Amani ipi? Mwaka 260 baba yake, Valerian, alitekwa na Shapur wa Uajemi na hakurudi tena. Mwaka huohuo Postumus akajitangaza kaizari kule Galia, upande wa Ufaransa ya leo. Mashariki aliyekuwa akipambana na Waajemi ni Odaenathus, mtawala wa Palmyra, mji wa Syria. Dola imekatika vipande vitatu, halafu dhahabu inasema amani kila mahali, na mwenye dola kaandikwa kama mwanamke. Nani alimwambia nani nini hapa?

#2 Ngalawa77
Mkuu mbona jibu liko wazi. Hiyo ni kejeli ya maadui. Postumus au mwasi mwingine kaipiga kumdhalilisha: wewe si mwanamume, na amani yako tumeiona.

#3 Binti Pangani
Ngalawa, wapo wataalamu wa zamani walioshika hiyo njia yako, ila ina shimo. Mtindo wa uchongaji ni wa kiwanda cha Roma, mikono ileile iliyotoa sarafu zake za kawaida. Na Roma ilikuwa yake mpaka anauawa karibu na Milano mwaka 268. Mwasi angeingiaje kwenye kiwanda cha mwenzake, achukue dhahabu yake, amtukane na kutoka salama?

Halafu tusi linaandikwa ukutani. Nani anatoa dhahabu kumtukana mtu?

#4 Kipanga wa Ujiji
Nimekaa na kahawa yangu. Endeleeni, leo silali.

#5 Mwalimu wa Zamu
Kuna kitabu cha Kilatini cha maisha ya makaizari kiitwacho Historia Augusta. Humo imo habari ya mtu aliyeitwa Celsus, aliyefanywa kaizari huko Afrika, yaani upande wa Tunisia ya leo, akauawa siku ya saba. Aliyemmaliza ni mwanamke, Galliena, binamu wa Gallienus. Basi sarafu si ndiyo yake? "Kwa Galliena Augusta."

#6 Binti Pangani
Mwalimu, shikamoo. Historia Augusta ni shamba lenye magugu mengi kuliko mahindi. Habari ya Celsus wataalamu wengi wanaiona imetungwa tu, na huyo Galliena hajulikani popote pengine. Na tukikubali kwamba aliishi, zile ndevu tunazipeleka wapi?

#7 Ngalawa77
Labda alikuwa nazo 😂

#8 Paroko Mstaafu
Amani kwenu wanangu. Seminari tulikaririshwa Kilatini kwa fimbo, acha leo nikitumie.

Ukimwita mtu kwa Kilatini, mwisho wa jina hubadilika. Gallienus ukimwita ni "Galliene", Augustus ni "Auguste". Karne ya 3 sauti ya AE ilikuwa imeshashuka, watu wa kawaida wanaitamka E. Kwa hiyo mwandishi aliyesikia "Galliene Auguste" angeweza kuweka AE, akidhani ndiyo tahajia ya heshima. Sasa soma pande mbili kwa pamoja: "Ewe Gallienus Augustus, amani iko kila mahali!" Hiyo ni sauti ya watu uwanjani. Warumi walikuwa na desturi ya kumshangilia kaizari kwa kumwita jina, wakirudiarudia kwa pamoja.

Hakuna mwanamke hapo wala kejeli.

#9 Mzee wa Darubini
Shikamoo Padre. Hii imenigusa, maana inaziunganisha pande mbili za sarafu. Lakini sarafu zake nyingine jina limeandikwa sawasawa, GALLIENVS AVG, mamia kwa mamia. Kwa nini kosa la tahajia liangukie dhahabu peke yake, tena mara mbili kwenye mstari mmoja?

#10 Sonara wa Mkunazini
Niseme kwa upande wa kazi.

Dhahabu ya aureus za zamani ilikuwa karibu safi kabisa, na dhahabu safi ni laini. Kidonge kinapimwa kwanza, kinapashwa moto, kinawekwa juu ya muhuri uliokitwa kwenye fuawe. Mtu anashika muhuri wa juu, mwenzake anapiga nyundo. Basi, sarafu. Kazi ngumu ni kuchonga huo muhuri. Unachonga kinyumenyume, pua unaizamisha, shavu unalizamisha, herufi unaandika kulia kwenda kushoto. Mimi nikiandika jina la bibi harusi ndani ya pete hulisoma, nikamsomesha na kijana wangu, ndipo nagusa dhahabu.

Mtu aliyetoa ndevu zile kipindo kwa kipindo hakosei A na E mwisho wa maneno mawili. Na jina hilohilo limo kwenye aina nyingine yenye VICTORIA AVG nyuma, Ushindi anamvika kaizari taji. Muhuri zaidi ya mmoja umeandikwa vile. Hilo ni agizo kutoka juu.

#11 Paroko Mstaafu
Sonara, agizo linaweza kutoka juu na bado likawa na tahajia ya mtaani. Karatasi moja ya maelekezo, wachongaji watatu, wote wanafuata kilichoandikwa.

#12 Binti Pangani
Niweke ninachoamini mimi, nimekifikiria sana.

Anzeni na masuke. Taji la masuke ni la Ceres, mungu mke wa nafaka, ambaye Wagiriki walimwita Demeter. Kwenye dhahabu za Claudius, miaka ya 40 BK, mama yake Antonia kavikwa taji hilohilo. Kwa hiyo mtu wa Roma akiona masuke kichwani alijua ni mungu gani anatajwa.

Gallienus alikuwa mpenzi mkubwa wa mambo ya Kigiriki. Yeye na mkewe Salonina walimheshimu sana mwanafalsafa Plotinus. Mnamo 264 alikwenda Athene, akapewa uraia na cheo, akaingizwa kwenye siri za Eleusis, ibada ya Demeter na bintiye. Baada ya hapo zinatokea dhahabu hizi, maana wengi wanazipa miaka ya 264 hadi 267. Huyu ni kaizari aliyejivika sura ya mungu wake, na jina likafuata sura.

Na si wa kwanza. Commodus mwishoni mwa utawala wake, 192, kapigwa kwenye dhahabu akiwa na ngozi ya kichwa cha simba kama Hercules, makucha yamefungwa chini ya kidevu. Hakuna aliyesema ni tusi.

#13 Ngalawa77
Commodus alikuwa na matatizo yake lakini. Na Hercules ni mwanamume. Kujifanya Hercules kunampa askari moyo. Kujifanya Demeter mbele ya jeshi la mto Danubi? Wangemcheka.

#14 Mwalimu wa Zamu
Ngalawa hapa kagusa penyewe na naomba tupashike. Dhahabu ilikuwa inamfikia nani? Mkulima wa kawaida alihesabu shaba na fedha. Karne mbili za kwanza za dola, aureus moja ilikuwa dinari 25 za fedha. Dhahabu zilikwenda kwa maofisa, kwa walinzi wa kaizari, kwa askari siku za zawadi anapotawazwa kaizari au anaposherehekea mwaka wa 10. Picha ya kwenye dhahabu inawalenga watu wenye nguvu ya kumwondoa.

Tazameni Nero. Mwaka 54 anaanza kutawala ana miaka 16, dhahabu inamwonyesha yeye na mama yake Agrippina uso kwa uso, pua karibu zigusane. Cheo cha mama ndicho kimezunguka nyuso, cha mtoto kimetupwa upande wa nyuma. Mwaka 55 wamepangwa bega kwa bega, mtoto mbele, mama nyuma yake. Baada ya hapo mama hayupo kabisa. Mwaka 59 akauawa. Ofisa aliyepokea mshahara miaka hiyo mitatu aliusoma mgogoro wa ikulu kwenye kiganja chake.

Na jambo moja la Padre: kwenye ile ya uso kwa uso, jina la Nero limeandikwa NERONI, "kwa Nero". Kwa hiyo umbo la "kwa fulani" lilikuwepo kwenye dhahabu. GALLIENAE inaweza kusomwa vivyo hivyo.

#15 Binti Pangani
Mwalimu, hilo la NERONI ni zito. "Kwa Galliena Augusta", yaani kwa mungu mke anayekaa ndani ya Gallienus. Linanifaa mimi kuliko Padre.

#16 Paroko Mstaafu
Linakufaa mpaka pale utakaponionyesha hekalu au maandishi ya mawe yanayomtaja huyo mungu Galliena. Mimi sijawahi kuyaona.

#17 Kijana wa Mvita
Mambo ya sura kwenye pesa sisi Kenya tumeyamaliza kwa Katiba. Ya 2010, ibara ya 231, pesa haitabeba picha ya mtu yeyote. Desemba 2018 zikatoka sarafu mpya: twiga kwa shilingi 1, kifaru kwa 5, simba kwa 10, ndovu kwa 20. Mnaona Gallienus angetuliza mambo kama angeweka wanyama.

#18 Kipanga wa Ujiji
Aliweka. Kuna mfululizo mzima wa paa, farasi mwenye mabawa, ng'ombe, na farasi-samaki wa Neptune. Dhahabu na wanyama, kote kapita.

#19 Binti Pangani
Kipanga, wanyama wale wako kwenye sarafu za mchanganyiko, shaba iliyopakwa fedha kidogo tu. Ndizo za miaka ya 267 na 268, fedha imebaki asilimia chache mno. Anaomba ulinzi wa Diana, Apollo, Neptune na wengine, kila mungu na mnyama wake. Hizo zilikuwa za mikono mingi, tofauti na hizi tunazojadili.

#20 Mjukuu wa Isike
Mkitaja wanyama na dhahabu msiisahau Tabora. Mwaka 1916, vita imewabana, Wajerumani walipiga Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja tai wao, upande wa pili tembo kainua mkonga na mlima nyuma yake. Uzito gramu 7.17 hivi. Aureus ya Nero baada ya kupunguzwa mwaka 64 ni kama gramu 7.3. Karibu mapacha, wamepishana miaka 1,850.

#21 Sonara wa Mkunazini
Uzito ni mapacha, dhahabu siyo. Ile ya Tabora ni 750 kwa 1,000, yaani karati 18. Ukiiweka kwenye jiwe pembeni ya dhahabu safi, mchirizi wake unaelekea wekundu. Ya Nero ingeacha mchirizi wa njano tupu.

Mzee mmoja aliwahi kuniletea moja ya tembo nimtengenezee kidani. Nilikataa kuitoboa. Nikamfanyia kikombe chenye kucha nne, sarafu ikakaa bila kuguswa.

#22 Ngalawa77
Sonara hapo umefanya la maana. Na hii ya Gallienus bei gani jamani? Nina kiwanja Kigamboni.

#23 Mtoro wa Tumbatu (London)
Kabla ya kuuza kiwanja, uliza karatasi za sarafu imetoka wapi. Kuna ile dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar: mapanga mawili mafupi na kofia ya mtumwa aliyeachiwa huru katikati, EID MAR chini, kumbukumbu ya siku ya mauaji hayo. Moja iliuzwa mnadani hapa London mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 4. Baadaye ikabainika historia ya umiliki wake ni ya kughushi, na 2023 ikarudishwa Ugiriki. Sarafu yenyewe ni halisi, makaratasi ndiyo yaliyokuwa ya uongo.

#24 Bahari ya Muscat
Assalamu alaykum. Suala la kaizari kujiweka kama mungu lina mwendelezo ambao sisi tunaujua. Kaizari Justinian II wa Konstantinopoli, karibu 692, aliweka uso wa Nabii Isa upande wa kichwa wa dhahabu, yeye mwenyewe akahamia nyuma. Upande wa pili, Khalifa Abd al-Malik alikuwa na dinari zilizoiga dhahabu ya Kaizari Heraclius na wanawe wawili wamesimama, misalaba imekatwa mikono. Kisha mwaka 77 Hijria, 696 au 697, akaondoa picha zote. Maandishi tu.

Nani alimjibu nani kati ya hao wawili bado wanabishana. Na hata Kilwa baadaye, masultani wakapiga shaba zao kwa maandishi matupu, upande mmoja unakamilisha mwingine kwa vina.

#25 Kipanga wa Ujiji
Pande mbili zinasomana! Hilo la Kilwa linampa Padre pointi. Kama watu wa Kilwa waliandika pande mbili zisomwe pamoja, kwa nini Roma isiwe hivyo?

#26 Mwalimu wa Zamu
Kati yao kuna zaidi ya miaka 700, Kipanga. Hiyo si hoja, ni bahati.

#27 Mzee wa Darubini
Aksum, dola ya kale ya Ethiopia, je? Mfalme Endubis, mwisho wa karne ya 3, ndiye mtawala wa kwanza wa kusini mwa Sahara kupiga dhahabu yake mwenyewe. Maandishi ya Kigiriki, uso wa mfalme, na pembeni ya uso kuna nini? Masuke mawili ya nafaka, moja kila upande. Ni miaka michache tu baada ya Gallienus! Na Aksum ilifanya biashara na Warumi kupitia bandari ya Adulis.

#28 Binti Pangani
Nimependa ulivyoiona, ila nenda taratibu. Masuke ya Aksum yanauzunguka uso, hayako kichwani. Kichwani mfalme ana kitambaa. Nyanda za juu kule ni nchi ya nafaka, masuke yanaweza kuwa ya nchi yenyewe. Nayo yaliendelea kwa wafalme waliofuata, hata baada ya Mfalme Ezana, aliyeingia Ukristo, kuondoa mwezi na duara na kuweka msalaba. Aksum ilifuata uzito wa dhahabu ya Roma, hilo halina ubishi. Ishara ilikuwa na maana yake hukohuko.

#29 Mjukuu wa Isike
Turudi Roma. Mimi naona wote mnapita juu ya chakula. Mji wa Roma ulikula ngano ya Misri na ya Afrika ya kaskazini. Mwaka 260 Misri iliwatambua waasi, watoto wa Macrianus. Walipoondoka, gavana wa Misri mwenyewe, Aemilianus, naye akaasi. Gallienus akamtuma Theodotus, akaipata Misri tena. Sasa fikiria wewe ni mtu wa Roma, miaka miwili hujui meli za ngano zitafika au hazifiki. Zinafika. Kaizari anapiga dhahabu amevaa ngano, nyuma anasema amani kila mahali. Mimi hiyo naielewa bila kwenda Eleusis.

#30 Ngalawa77
Hiyo naikubali kuliko zote. Mkate kwanza.

#31 Binti Pangani
Isike, umeeleza masuke, jina hujaligusa. Kama ni ngano ya Misri, kwa nini AE? Na Mwalimu ameshasema dhahabu haikwenda kwa wanaopanga foleni ya mkate.

#32 Mjukuu wa Isike
Ofisa naye anakula. Na jina namwachia Padre: wanamshangilia kwa kumwita, kwa sababu meli zimefika.

#33 Paroko Mstaafu
Napokea kwa mikono miwili.

#34 Mtoro wa Tumbatu (London)
Ongezeni na hili kabla hamjafunga ndoa ya Padre na Isike. Wapo wanaosema taji lile si masuke, ni matete, yale ya mtoni. Kwenye mfano uliochakaa, ncha za jani na nafaka haziachani vizuri. Nimezitazama picha kubwa za mifano miwili. Ya kwanza naona punje zimepangana kama msuko wa twende kilioni. Ya pili naona majani marefu tu. Kama ni matete, Ceres anaondoka na ngano ya Misri inaondoka.

#35 Sonara wa Mkunazini
Mihuri tofauti, mikono tofauti. Aliyechonga punje alijua ni ngano. Aliyechonga majani huenda alinakili bila kujua. Mimi namwamini wa punje, kwa sababu punje ni kazi ya ziada na hakuna anayejiongezea kazi bila sababu.

Kuna jambo lingine hamjaligusa, uzito. Dhahabu za Gallienus hazina kipimo kimoja. Kabla yake, Kaizari Caracalla alikuwa anatoa aureus 50 kwa ratili moja ya Kirumi. Kwa Gallienus unakuta gramu 2, unakuta 4, unakuta zaidi ya 5. Maana yake haikuhesabiwa kwa idadi, ilipimwa kwenye mizani kama tunavyopima kwa tola. Kitu kinachopimwa ni zawadi, si chenji. Anayepewa zawadi na kaizari anaambiwa ujumbe ana kwa ana, na anayempa anaweza kumweleza maana yake.

#36 Mwalimu wa Zamu
Hapo Sonara umeifanya hoja yangu kuwa kali zaidi. Kama ni zawadi ya mkononi, ujumbe unaweza kuwa mgumu, wa watu wa ndani. Walioingizwa Eleusis pamoja naye wangeelewa mara moja. Nahamia kwa Binti Pangani, Galliena wa Celsus nimemwacha.

#37 Ngalawa77
Mwalimu umehama chama mchana kweupe! Mimi nabaki na ngano ya Misri.

#38 Paroko Mstaafu
Na mimi nabaki nilipo. Mwalimu, kama ujumbe ni wa watu wa siri, maneno "kila mahali" yanafanya nini pale? Siri haishangiliwi uwanjani.

#39 Binti Pangani
Ila Padre, siri za Eleusis ziliwaahidi watu amani na heri hata baada ya kifo. "Kila mahali" kwa aliyeingizwa inaweza kufika mbali kuliko mipaka ya Postumus. Hilo nalisema kwa kulipima, na nitalishikilia mpaka mtu anionyeshe dhahabu ya jina hili iliyopigwa kabla ya 264.

#40 Mtoro wa Tumbatu (London)
Hata 264 yenyewe ni makadirio, Binti Pangani. Sarafu haina mwaka wala hesabu ya vyeo vyake, na baadhi wanaiweka kwa sababu ya Athene hiyohiyo. Unathibitisha Athene kwa sarafu, na sarafu kwa Athene. Nipe kitu cha nje: lundo lililofukuliwa likiwa na sarafu nyingine zenye tarehe.

#41 Mzee wa Darubini
Basi kazi ni hiyo. Mwenye kujua lundo lolote lenye GALLIENAE AVGVSTAE ndani yake, aweke hapa pamoja na orodha ya sarafu zilizokutwa nayo. Na mwenye picha safi ya taji, ya muhuri wa VICTORIA AVG hasa, aiweke. Ule hatujauangalia kabisa.